Migongo inayobeba wagonjwa: Majeraha ya kazi yasiyohesabiwa katika mitaa ya Eastlands

HATARI za kazi ya uuguzi zinapozungumziwa, aghalabu hutajwa sindano iliyotumika, viini vya kifua kikuu na damu ya mgonjwa. Ni nadra sana mgongo kutajwa. Hata hivyo, mgongo, mabega na magoti ndivyo viungo vinavyochakaa mapema miongoni mwa watu ambao riziki yao, au wajibu wao kwa jamaa, ni kuinua, kugeuza, kuosha na kushikilia miili ya wenzao wasiojiweza.

Majeraha haya hayana siku ya kuzaliwa. Mtu aliyedungwa na sindano anaijua saa, wodi na kitanda. Mwenye kiuno kilichoharibika hawezi kusema kwa yakini kilianza lini, kwa kuwa kiliharibika kidogo kidogo, mgonjwa baada ya mgonjwa, usiku baada ya usiku. Hiyo ndiyo sababu kubwa inayofanya yasiandikwe popote, na lisiloandikwa hakuna anayelitengea fedha.

Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kazi ya kuwatunza wasiojiweza hufanywa na makundi mawili. Kundi la kwanza ni la wauguzi na wasaidizi wao katika hospitali na vituo vya afya vya umma, kuanzia Hospitali ya Kujifungua ya Pumwani hadi Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, iliyofunguliwa mwaka 2011 kuwahudumia wakazi wa Umoja, Kayole, Komarock na viunga vyake, pamoja na zahanati nyingi za kibinafsi. Kundi la pili halina sare wala sajili. Ni wahudumu wa afya ya jamii, wajakazi walioajiriwa kumtazama mzee, na zaidi ya wote, ni wake, mabinti na wajukuu wanaowauguza jamaa zao nyumbani bila malipo yoyote.

Mambo yanayowaumiza ni yale yale. Tofauti ni kwamba kundi la kwanza lina sheria ya kulitetea, ijapokuwa haitekelezwi ipasavyo, ilhali la pili halina hata hiyo.

Kwa nini mwili wa mtu si gunia

Wapo wanaouliza: mwanamke anayebeba mtungi wa maji wa lita 20 kila asubuhi hadi ghorofa ya tano, atashindwaje kumgeuza mgonjwa kitandani? Jibu limo katika namna mzigo wenyewe ulivyo. Mtungi una mpini. Hauyumbi, haushtuki, haumshiki mbebaji shingoni kwa hofu ya kuanguka. Isitoshe, mbebaji huuweka karibu na mwili wake, au mgongoni kabisa, ambapo uzito hushuka moja kwa moja hadi miguuni.

Mgonjwa hana mpini. Uzito wake umegawanyika kichwani, kiwiliwili na miguuni, na kila sehemu huenda upande wake. Ukimwinua akiwa kitandani, unalazimika kuinama na kunyoosha mikono mbele. Hapo ndipo hesabu inapokuwa mbaya. Misuli inayoushikilia uti wa mgongo iko takriban sentimita 5 tu nyuma ya kitovu cha diski zinazotenganisha pingili. Mzigo ukiwa sentimita 50 mbele, kila kilo moja mikononi huidai misuli hiyo nguvu ya kilo 10 hivi, na nguvu hiyo yote huzibana diski za kiunoni.

Taasisi ya utafiti wa usalama na afya kazini ya Marekani, NIOSH, imekuwa ikitumia kipimo cha newtoni 3,400 kuwa mpaka wa mbano ambao ukivukwa hatari ya kuumia kiuno huongezeka. Hiyo ni sawa na uzito wa takriban kilo 350 ukikandamiza diski moja. Kwa msingi huo na mingineyo, taasisi hiyo iliweka kilo 23 kuwa kikomo cha mzigo wa kuinuliwa kwa mikono, tena katika mazingira bora kabisa: mzigo uko karibu, una mahali pa kushika, na mwinuaji hapindi kiuno.

Mnamo 2007, mtafiti wa taasisi hiyo, Thomas Waters, alifanya hesabu upya kwa ajili ya wanaowahudumia wagonjwa na kukishusha kikomo hicho hadi kilo 16 hivi. Ili kuelewa uzito wa jambo hilo, inatosha kukumbuka kwamba mguu mmoja wa mtu mzima ni karibu sehemu moja ya sita ya uzito wa mwili wake wote. Mgonjwa mwenye kilo 100 hafai kuinuliwa hata mguu na mtu mmoja pasipo kuvuka mpaka huo, sembuse kuinuliwa mzima.

Utafiti mwingine unaostahili kutajwa ni ule wa William Marras na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ohio State, uliochapishwa mwaka 1999. Walipima nguvu zinazoukumba uti wa mgongo wakati wa kumhamisha mgonjwa kwa mbinu mbalimbali. Waligundua kwamba hata watu wawili wanaposaidiana, hatari ya kuumia bado huwa kubwa. Matokeo hayo yaliutia doa ushauri uliokuwa ukitolewa kwa miaka mingi vyuoni, kwamba muuguzi akikunja magoti na kunyoosha mgongo atakuwa salama.

Ushauri huo si uongo, lakini ni nusu ya ukweli. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2008 katika jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, ulionyesha kuwa kuwafundisha wafanyakazi mbinu za kuinua, bila kubadilisha vifaa wala mpangilio wa kazi, hakukupunguza maumivu ya mgongo. Ndiyo kusema bango linaloonyesha mtu akikunja magoti, likibandikwa katika wodi isiyo na kitanda cha kupandishwa na kushushwa, ni pambo tu.

Kinachoharibika ni nini

Uti wa mgongo ni mlolongo wa pingili. Kati ya pingili na pingili mna diski, kitako chenye ganda gumu la nyuzinyuzi na kiini laini ndani yake. Mtu akiinama na kupinda kiuno kwa pamoja huku ameshika mzigo, ganda hilo hunyofoka kidogo upande wa nyuma. Halitoi ishara mara moja, kwa kuwa sehemu kubwa ya diski haina mishipa ya fahamu. Baada ya miaka, kiini huweza kuchomoza na kuugusa mshipa unaoelekea mguuni. Hapo ndipo mtu husikia maumivu makali kama ya umeme yakishuka kutoka kalioni hadi kwenye paja, shavu la mguu na hata vidole.

Diski mbili za chini kabisa, zile zinazobeba uzito wa nusu ya juu ya mwili, ndizo huathirika zaidi. Hata hivyo, si kila maumivu ya kiuno yanatokana na diski. Mengi hutokana na misuli na kano zilizochoka, na daktari huenda asione lolote kwenye picha ya eksirei. Kukosekana kwa kasoro kwenye picha si ushahidi kwamba mfanyakazi anajifanya, ingawa waajiri wengi hulichukulia hivyo.

Mabega huumizwa na kuvuta: kumvuta mgonjwa aliyeteleza hadi chini ya kitanda, au kumpandisha kitini. Viganja na vidole gumba huumizwa na kukamua nguo, kukanda na kushika kwa nguvu. Magoti huumia kwa kuchuchumaa kando ya godoro lililo sakafuni, jambo ambalo vitabu vingi vya uuguzi vilivyoandikwa ng'ambo havilitaji kabisa, maana waandishi wake hawakumfikiria mgonjwa asiye na kitanda.

Wakunga nao wana mateso yao. Kwa saa nyingi husimama wameinama na kupinda shingo, wakimshikilia mama mguu, wakimpokea mtoto au kushona. Hospitali ya Pumwani, iliyoanzishwa mwaka 1926 kwa jina la Lady Grigg, ni miongoni mwa hospitali kubwa zaidi za kujifungua katika eneo hili la Afrika. Mahali ambapo watoto huzaliwa kwa makumi usiku na mchana, mkunga hawezi kuchagua saa ya kunyoosha mgongo wake.

Urithi wa miaka ya ukimwi

Haiwezekani kuuelewa uuguzi wa nyumbani katika Eastlands bila kurejea miaka ya 1990. Wakati huo wodi zilijaa wagonjwa wa ukimwi, na wengi walirudishwa nyumbani wakafie mikononi mwa jamaa zao. Mnamo 1993, Kanisa Katoliki kupitia Dekania ya Mashariki ya Jimbo Kuu la Nairobi lilianzisha mradi wa EDARP, ambao ulianza kama huduma ya nyumba kwa nyumba kwa wagonjwa wa mitaa duni ya mashariki mwa jiji. Waliofanya kazi hiyo kwa sehemu kubwa walikuwa wanavijiji, wengi wao wanawake, waliojitolea kuwatembelea majirani zao, kuwaosha na kuwapa dawa.

Rais Daniel arap Moi alitangaza ukimwi kuwa janga la kitaifa mnamo Novemba 1999. Miaka michache baadaye serikali ilitoa mwongozo wa utunzaji wa nyumbani. Mafunzo ya wakati huo, na hili linaeleweka, yalitilia mkazo glavu, dawa ya kuua viini na namna ya kujikinga na damu. Mgongo wa mhudumu haukuwa hoja. Kifo kilikuwa karibu mno kwa mtu kulalamikia kiuno.

Dawa za kupunguza makali ya virusi zilipoanza kutolewa bila malipo katika hospitali za umma mwaka 2006, wagonjwa wengi waliinuka vitandani na kurudi kazini. Mzigo ulipungua, lakini haukuisha, ulibadilika. Leo anayelala kitandani katika nyumba ya Jericho au Dandora aghalabu ni mtu aliyepatwa na kiharusi, mwenye kisukari aliyekatwa mguu, mgonjwa wa saratani, aliyevunjika katika ajali ya bodaboda, au mzee aliyesahau hata majina ya wanawe.

Tofauti moja ni kubwa. Mgonjwa wa ukimwi wa wakati ule alikuwa amekonda, na uuguzi wake ulidumu miezi. Mgonjwa wa kiharusi huenda akawa mnene, na huweza kuishi miaka 10 akiwa amepooza upande mmoja. Anayemwosha leo akiwa na umri wa miaka 45 atamwosha tena akifika 55, mgongo wake ukiwa umezeeka pamoja naye.

Mitaa ya zamani kama Kaloleni, Maringo na Bahati ina familia ambazo zimeishi humo tangu enzi za ukoloni. Buruburu, ulioanza kujengwa miaka ya 1970 kwa ajili ya watumishi wa tabaka la kati, una wastaafu wengi ambao watoto wao wamehamia kwingine. Nyumba hizo angalau ziko chini au zina ngazi moja ya ndani.

Chumba na ngazi

Mazingira ya nyumba ndiyo yanayoamua mgongo wa nani utavunjika. Chumba cha kupanga cha futi 10 kwa 10 huwa na kitanda kilichosukumwa hadi kwenye pembe ya ukuta ili pabaki nafasi ya jiko na kiti. Pande mbili za kitanda hazifikiki. Kwa hiyo, mhudumu hulazimika kumgeuza mgonjwa kutoka upande mmoja tu, akinyoosha mikono hadi ng'ambo ya pili na kumvuta kuelekea kwake, jambo ambalo kwa uti wa mgongo ni baya kuliko yote.

Godoro la sponji lililochoka huzama katikati, na mgonjwa huzama nalo. Kumtoa katika shimo hilo ni kama kumtoa mtu mtaroni. Kitanda chenyewe huwa kifupi kuliko kiuno cha mwuguzi, hivyo kila tendo, liwe ni kumlisha, kumbadilisha nguo au kumpaka mafuta, hufanywa ameinama.

Tena mgonjwa asiyejigeuza anafaa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi ili asipate vidonda vya mgongoni. Hiyo ni mara 12 kwa siku. Yule anayemuuguza peke yake huamka usiku kufanya hivyo gizani, misuli ikiwa bado imelala, kisha asubuhi hupanga foleni ya maji. Mtungi anaoubeba baada ya usiku wa namna hiyo ndio huangukiwa na lawama zote pale kiuno kinapokataa.

Kuna suala la ngazi. Majengo marefu ya Pipeline, Huruma, Umoja na Kayole kwa sehemu kubwa hayana lifti. Mgonjwa anayeishi ghorofa ya sita na ana miadi ya kliniki lazima abebwe. Njia ya kawaida ni kumweka katika kiti cha plastiki na vijana wawili au wanne kumshusha, mmoja akirudi kinyumenyume. Njia nyingine ni kumbeba mgongoni kama mtoto. Zote mbili ni hatari, na kiti cha plastiki kina ubaya wa ziada kwamba miguu yake huweza kuvunjika ghafla.

Jamaa wengi, wakishapima mateso hayo, huacha kumpeleka mgonjwa kliniki kabisa. Hivyo mgongo wa mhudumu unakuwa sababu ya mgonjwa kukosa matibabu, jambo ambalo daktari aliyeandika tarehe ya miadi pengine hatalijua.

Yanayoweza kufanywa kwa vitu vilivyopo

Kanuni ya kwanza ni kutoinua pale unapoweza kutelezesha. Katika hospitali za nchi tajiri hutumika shuka maalumu za nailoni zinazoteleza. Nyumbani, mfuko mkubwa wa plastiki laini ukitandazwa chini ya shuka hufanya kazi hiyo hiyo: msuguano hupungua na mgonjwa husogea bila kuinuliwa. Sharti plastiki hiyo iondolewe mara baada ya kumsogeza, la sivyo atateleza hadi sakafuni, na ngozi yake italowa jasho. Leso mbili zikikunjwa na kuwekwa chini ya makalio na mabega huwapa wawili mahali pa kushika badala ya kumvuta mgonjwa mikono.

Kumvuta mgonjwa kwa makwapa kunafaa kuachwa kabisa. Humwumiza mhudumu kiuno, na kwa mgonjwa wa kiharusi huweza kuteguka bega la upande uliopooza, maana misuli inayolishikilia imelegea.

Kanuni ya pili ni kuinua kitanda badala ya kuinamisha mgongo. Matofali au vipande vya mbao vilivyotobolewa ili miguu ya kitanda iingie barabara vinaweza kukipandisha hadi kimo cha kiuno wakati wa kumhudumia mgonjwa asiyeweza kushuka mwenyewe. Kwa yule anayejaribu kusimama, kimo hicho kinafaa kupungua ili nyayo zake zifike chini. Kama chumba kinaruhusu, kitanda kisogezwe mbali na ukuta wakati wa kumwosha, hata ikibidi kiti kitolewe nje kwa nusu saa.

Tatu, mgonjwa apewe nafasi ya kujisaidia. Wengi wanaweza zaidi ya wanavyodhaniwa. Akikunja magoti na kukanyaga godoro, anaweza kunyanyua makalio yake mwenyewe kwa kipindi cha kutosha kubadilisha shuka. Kamba au kitambaa imara kilichofungwa mwishoni mwa kitanda humwezesha kujivuta na kuketi. Kumgeuza huwa rahisi akikunjwa goti la mbali na kuvushwa mkono wa mbali kifuani, kisha akasukumwa kwa nyonga na bega. Uzito wa goti lake hufanya sehemu kubwa ya kazi. Upole wa kumfanyia kila kitu huwaumiza wote wawili.

Mgonjwa anapoanza kuanguka, silika ya kila mtu ni kumdaka. Hapo ndipo migongo mingi hukatika kwa mara moja. Wataalamu hushauri kumsogelea, kumwelekeza ateleze chini taratibu akiegemea mwili wa mhudumu, kisha kutafuta msaada akiwa sakafuni. Kumwinua kutoka sakafuni si kazi ya mtu mmoja, wala si ya haraka.

Vifaa vingine huhitaji fedha kidogo. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji, wanaofua masanduku na mikokoteni, wanaweza kuchomea fremu ya kutembelea au kiti chenye tundu la kuwekea ndoo, kifaa ambacho humwondolea mhudumu safari za msalani, hasa pale ambapo choo kiko mwisho wa ujia na hutumiwa na nyumba nane. Chama cha Walemavu nchini, APDK, kilichoanzishwa mwaka 1958, kwa miaka mingi kimekuwa kikitengeneza viti vya magurudumu.

Kitu kimoja kinachonunuliwa sana na ambacho hakistahili sifa zake ni mkanda wa kiunoni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu maumivu sugu ya kiuno, uliotolewa Desemba 2023, haupendekezi mikanda hiyo kama matibabu ya kawaida. Unapendekeza mazoezi, elimu, tiba za viungo na, inapobidi, dawa za kutuliza uvimbe. Dawa kali za jamii ya afyuni nazo hazikupendekezwa.

Kitanda si tiba pia. Zamani mtu mwenye kiuno aliamrishwa kulala wiki mbili. Siku hizi madaktari wanakubaliana kuwa kuendelea kutembea na kufanya kazi nyepesi huponya haraka zaidi, na kwamba maumivu mengi ya ghafla hupungua ndani ya wiki sita. Shida ni kwamba mwuguzi wa nyumbani hana kazi nyepesi. Ana ile ile.

Zipo dalili ambazo hazingoji. Mwenye maumivu ya kiuno akihisi ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja, akishindwa kukojoa au kuzuia haja, au miguu yote miwili ikianza kulegea, afikishwe hospitalini siku hiyo hiyo, kwa maana mishipa ya fahamu ya chini ya uti wa mgongo inabanwa na huenda isipone ikicheleweshwa. Homa, kukonda bila sababu na maumivu yanayozidi usiku pia yachunguzwe. Katika nchi yenye kifua kikuu, ugonjwa huo huweza kuingia kwenye uti wa mgongo na kudhaniwa kuwa uchovu wa kazi.

Wengine walivyofanya

Tatizo si la Nairobi pekee. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2023 ulikadiria kuwa watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno mwaka 2020, na kwamba huenda wakafika milioni 843 ifikapo 2050. Uingereza ilipitisha kanuni za ubebaji wa mizigo kwa mikono mwaka 1992, zinazomtaka mwajiri aepushe kwanza haja ya kuinua kabla ya kufundisha namna ya kuinua. Chama cha wauguzi cha nchi hiyo, RCN, kiliandaa sera mwaka 1996 ya kutomwinua mgonjwa kwa mikono ila katika dharura. Jimbo la Texas nchini Marekani lilipitisha sheria yake mwaka 2005. Japani, yenye wazee wengi kuliko karibu nchi zote, iliurekebisha mwongozo wake mwaka 2013 na kusisitiza kwamba watu wasiinuliwe kwa nguvu za mikono.

Wauguzi wa Kenya waliokwenda Uingereza chini ya makubaliano ya 2021 baina ya nchi hizo mbili hukuta huko winchi za kumwinulia mgonjwa zikiwa kifaa cha kawaida kama vile kipima joto. Nchini mwao ni vifaa vya nadra. Katika mgomo wa wauguzi wa 2017, uliodumu miezi mitano, kilio kilikuwa cha mishahara na marupurupu. Hilo halishangazi. Lakini idadi ya wauguzi katika zamu ni suala la mgongo pia: mahali ambapo mmoja huachiwa wodi nzima usiku, ushauri wa kuinua wawili wawili hauna maana.

Sheria inavyosema

Kenya ina sheria mbili zilizopitishwa mwaka 2007. Ile ya Usalama na Afya Kazini inamkataza mwajiri kumtaka mfanyakazi abebe kwa mikono mzigo ambao uzito wake unaweza kumdhuru. Haijaweka idadi ya kilo, wala haikusema kwamba mgonjwa si mzigo. Pia inataka mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya, na hospitali zote kubwa za Eastlands zinavuka idadi hiyo.

Ya pili ni ile ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, maarufu kama WIBA. Baada ya mvutano mrefu mahakamani, Mahakama ya Juu iliidhinisha vifungu vyake vilivyopingwa katika uamuzi wa Desemba 2019. Chini yake, mwajiri ana wajibu wa kuwakatia wafanyakazi bima na kuripoti ajali kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini ndani ya siku 7 tangu apate habari. Madai yanafaa kuwasilishwa ndani ya miezi 12. Fidia ya ulemavu wa kudumu hukokotolewa kwa msingi wa mapato ya miezi 96, kulingana na asilimia ya ulemavu aliyoipima daktari.

Sheria hiyo inatambua pia maradhi yasiyo kwenye orodha yake, mradi ithibitike kuwa yametokana na kazi. Neno "ithibitike" ndilo kikwazo cha wenye migongo. Mwuguzi ambaye hakuwahi kuandikisha lolote hadi siku aliyoshindwa kuinuka ataambiwa kwamba ni umri, ni uzazi au ni maji anayobeba nyumbani. Anayetaka kuepuka hilo anashauriwa kumwarifu msimamizi kila anapoumia, hata kama ni kidogo, liandikwe katika kitabu cha matukio, na abaki na nakala ya kila cheti cha daktari na barua ya kupewa kazi nyepesi.

Wajakazi na wasaidizi wa hospitali wanaweza kujiunga na chama cha KUDHEIHA, na wauguzi wana KNUN. Wahudumu wa afya ya jamii wako njia panda. Mnamo Septemba 2023, Rais William Ruto alizindua kikosi cha zaidi ya 100,000 kote nchini na kuwakabidhi mabegi yenye vifaa kama vile vya kupima shinikizo la damu na sukari. Mpango uliotangazwa ulikuwa wa kuwalipa Sh5,000 kwa mwezi, serikali kuu itoe nusu na kaunti nusu. WIBA humtambua mfanyakazi kuwa mtu aliyeajiriwa kwa mkataba wa utumishi na kulipwa ujira. Malipo ya mhudumu huyo huitwa posho.

Ama binti anayemgeuza mamake mara 12 kwa siku katika chumba cha Dandora, hana mwajiri wa kuarifiwa, kitabu cha matukio wala miezi 12 ya kuhesabu. Anachoweza kudai kwa leo ni kuonyeshwa, kabla mgonjwa wake hajaruhusiwa kutoka wodini, namna ya kumsogeza. Wodi nyingi zina mtaalamu wa tiba ya viungo anayeweza kufanya hivyo kwa robo saa, akiombwa.